Ukisikia wizi unapangwa, mwambie anayelengwa

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji wako mmoja wa Tabata aliandika kwamba mtu akisikia watu asiowajua wanapanga uhalifu, iwe kwenye daladala au baa, akae kimya, ashuke kituo chake, aende zake. Akamalizia na ile methali ya pilipili usiyoila. Aliyeandika vile hajawahi kuuza chakula. Mimi ni mama lishe Kariakoo, mtaa sitautaja, na kazi yangu hainipi nafasi ya kutosikia.

Mtu anayekula hamwoni anayempakulia. Anapunguza sauti akipita mfanyabiashara mwenzake, akipita askari anabadilisha mada kabisa, lakini mimi nikiinama kumwongezea mchuzi yeye anaendelea tu. Kwenye mabenchi yangu nimesikia nani anauza mzigo bila risiti ya EFD (ile mashine ya kodi), konteina la nani limekwama bandarini na kwa nini, nani kajenga nyumba ndogo Mbagala. Mengi ya hayo nayamwaga pamoja na maji ya kuoshea vyombo. Ya kodi yana watu wanaolipwa mshahara kuyatafuta, na ya nyumba ndogo mwenye mume atayajua tu.

Lakini kuna siku walikaa wanaume wawili, wageni kwangu, wakaagiza ugali na samaki. Mazungumzo yao yalihusu stoo ya vitenge ya jirani. Mlinzi wa zamu ya Jumamosi "ni wetu", kufuli la mlango wa nyuma litaning'inizwa tu bila kubanwa, guta litasogea saa nane usiku. Mmoja akamuuliza mwenzake marobota mangapi yanaenea kwenye guta moja, wakabishana pale, huyu anasema sita, yule anasema hayafiki. Hapo nikajua si porojo. Mtu anayejitapa hasumbuki kuhesabu marobota.

Nalisema hili kwa sababu wengi wanaopinga watu kuingilia wana hoja moja ya kweli: maneno ya watu hayaaminiki. Ukikaa Kariakoo, klabu zote mbili zina makao yake hapa, Simba Msimbazi na Yanga Jangwani, na wiki ya mechi ya watani utasikia "Jumamosi tunawaua", "tunawazika", "hatoki mtu". Kama ningekimbilia polisi kwa kila nilichosikia, mtaa mzima ungelala ndani na mimi ningekosa wateja. Kwa hiyo nasikilizia saa, mlango, jina la zamu, hesabu ya mzigo. Vikikutana vyote hivyo sahani moja, siwezi kujifanya sijasikia.

Sikupiga kelele. Sikuwafuata wale watu kuona wanaelekea wapi, kazi hiyo ina wenyewe. Nilimaliza kuosha vyombo, nikachukua hotpoti ya mke wa mwenye stoo, maana chakula chake cha mchana nampelekea kila siku, nikamwinamia pale kaunta. Nikamwambia, "Dada, kufuli la nyuma la stoo badilisheni leo. Funguo ukae nazo mwenyewe."

Akauliza, "Nani kakwambia?"

"Benchi."

Hakucheka. Saa kumi jioni nikaona kijana wake anapita na kufuli jipya, lile zito la chuma. Kesho yake mtendaji wa mtaa alipokuja kula nikamwomba vijana wa ulinzi shirikishi wapite upande wa stoo Jumamosi usiku, wapite na tochi, waongee kwa sauti. Jumamosi ikapita. Mlinzi aliacha kazi mwenyewe kabla ya mwezi kuisha, na mwenye stoo baadaye akahamishia biashara Mbeya, ndiyo maana naandika leo bila wasiwasi mkubwa.

Huyo mlinzi sikumtaja. Wenzangu wa sokoni walinilaumu kwa hilo, wakasema nimemlinda mwizi. Mimi nilisikia watu wawili wakisema "ni wetu". Sikumsikia yeye. Inawezekana walikuwa wanamtegemea mtu ambaye hata hawajazungumza naye, au wanamsingizia ili mmoja amtie moyo mwenzake. Mlinzi analipwa kidogo na ana watoto, nami nitasimamaje kesho kama nimemfukuzisha kazi kwa neno la mla samaki? Kufuli halina watoto. Ukilibadilisha bure, hasara ni bei ya kufuli.

Sasa kuna wanaoona njia yangu ni ya woga, kwamba mtu shujaa angesimama akapaza sauti, "Wezi hawa!" Mhariri, kwa mji huu hiyo si ushujaa. Neno "mwizi" likishatamkwa Kariakoo saa sita mchana hakuna anayeuliza limetoka kwa nani. Yanakuja mawe, yanakuja matairi. Nimeona mara moja na sitaki kueleza. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanaandika habari za watu wanaouawa na umati katika ripoti zao za kila mwaka, na kila mwaka zipo. Sheria inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele ya macho yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Anayekula ugali huku akipanga hajabeba robota hata moja. Kumpigia kelele ni kumhukumu kwa mdomo wako, na umati utatekeleza.

Yote haya yanafaa pale anayelengwa yuko karibu. Kuna mahali njia yangu inagonga ukuta. Miezi fulani walikuja vijana watatu, kila asubuhi chai na chapati, simu ndogo nne mezani, na laini wanazibadilisha kama wanamenya karanga. Ile kazi ya utapeli wa ujumbe, "ile hela tuma kwenye namba hii". Tulisajili laini kwa alama za vidole, tukaambiwa Januari 2020 ndiyo mwisho, na bado wanazo. Anayelengwa ni mzee aliyeko Masasi au Kasulu, nitamwonya vipi? Nilichoweza ni kuwaambia, "Wanangu, hapa ni pa kula, si ofisi." Wakahama. Siku hizi mtu akipata ujumbe wa namna hiyo namwelekeza aitume namba ya tapeli kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na abonyeze *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Lakini nakubali kwamba wale vijana walihamia benchi la mwenzangu tu.

Na kama kinachopangwa ni kumdhuru mtu, hapo hakuna kupeleka hotpoti. Piga 112. Ikiwa ni mtoto, piga 116. Mzozo wa nani kakwambia utakuja baadaye.

Turudi kwa woga, kwa sababu wanaonyamaza wengi hawanyamazi kwa roho mbaya. Tunaishi mji ambao mwaka 2022 watu walikuwa wanafunga milango mapema kwa ajili ya Panya Road, yale magenge ya vijana wenye mapanga. Mwenzangu anayeuza maji ya kandoro aliwahi kwenda kituo kimoja cha polisi, sitakitaja, kueleza alichokisikia usiku nyuma ya kibanda chake. Pale kaunta aliulizwa kwa sauti jina, kabila, anapoishi, anapouzia. Nyuma yake kuna benchi limejaa watu wanaosubiri kuwadhamini ndugu zao. Ndugu zao ni nani? Labda haohao aliowasikia. Akaambiwa arudi kesho. Hakurudi, na mimi nisingerudi.

Wakili mmoja anayekula kwangu ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka kila anayejua kwamba kosa la Kanuni ya Adhabu limetendwa, au kwamba mtu anakusudia kulitenda, atoe taarifa mara moja kwa polisi au kwa mtu mwenye mamlaka mahali pale. Kwa hiyo kumwambia mtendaji wangu kulikuwa ndani ya sheria, na kifungu hichohicho hakiruhusu nishtakiwe kwa taarifa niliyotoa. Akaongeza kwamba tangu 2015 tuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi, na kwamba jina la mtoa taarifa halitakiwi kutangazwa. Nikamuuliza, sasa mbona kaunta inalitangaza? Akaomba pilipili.

Kwa hiyo barua hii naielekeza zaidi kwa wakuu wa vituo vya Dar es Salaam kuliko kwa msomaji wa Tabata. Dawati la Jinsia na Watoto mmeweza. Mwanamke aliyepigwa anaingizwa chumbani, mlango unafungwa, anakaa na askari mmoja anayemsikiliza, na wale wa kwenye benchi hawajui kaja kwa shida gani. Anayekuja kusema nimesikia kitu naye apewe mlango. Hata kama ni chumba hichohicho, saa ambazo hakina mtu. Na namba ya simu ya mtendaji na ya polisi kata ibandikwe kila mtaa kwa maandishi makubwa, kwa rangi isiyofutika, maana ya kwetu iliandikwa kwa chaki na mvua za masika zimeondoka nayo.

Mama lishe, Kariakoo
Dar es Salaam
(Jina na namba ya simu anavyo mhariri)