Mzee wa kisukari msimnyime dagaa

Mhariri,

Baba yangu ana miaka 74, na kisukari anacho mwaka wa kumi na moja sasa. Mwaka jana alirudi kutoka kliniki moja na ushauri wa mdomo: aache nyama, samaki, maziwa na maharage, ataziua figo. Hakuna aliyezipima hizo figo. Nyumbani tukatii, maana aliyevaa koti jeupe habishiwi. Asubuhi uji wa dona, mchana ugali kidogo na mchicha, jioni chai ya rangi na mkate. Mwezi wa tano hivi alikuwa hainuki kwenye msala mpaka ashike ukuta. Majirani wakasema ni uzee tu. Mimi ninayefundisha baiolojia sekondari ndiye niliyepaswa kuuliza mapema, na sikuuliza.

Protini tunayokula humeng'enywa ikawa asidi amino. Ziko 20 zinazojenga protini za mwili, na 9 kati yake mtu mzima hawezi kujitengenezea. Lazima zitoke kwenye sahani. Mafuta yakizidi mwili huyaweka akiba, lakini asidi amino hazina ghala la namna hiyo. Akiba yake ni misuli yenyewe. Mzee akipata nimonia au kidonda cha mguu, mwili hukopa kwenye misuli ili kuendesha kinga na kuziba jeraha. Asipokula vya kurudisha, deni linabaki mapajani.

Tena uzee una jambo lake. Kati ya asidi hizo kuna leusini, ambayo pamoja na kuwa tofali huiamsha misuli ianze kujijenga. Misuli ya kijana huitwa mara moja ikaitika. Ya mzee ni nzito kusikia, hutaka protini kama gramu 25 hadi 30 kwa mlo mmoja. Yai moja lina gramu 6 hivi. Hesabu ya chai na mkate nawaachia wasomaji. Na misuli hiyo hiyo ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya sukari ya damu baada ya kula, kwa hiyo kumkondesha mgonjwa wa kisukari misuli ni kumwongezea kisukari.

Mwaka 2013 jopo la wataalamu wa kimataifa lilipendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku kwa wenye zaidi ya miaka 65, na zaidi ya hapo kwa wengi wenye maradhi sugu. Waliwatoa wenye figo zilizoharibika sana ambao hawajaanza kusafishwa damu. Hao kweli hupunguziwa. Lakini hilo hujulikana kwa kipimo, si kwa kumtazama mtu usoni.

Najua kuna atakayenijibu kwa utafiti wa Framingham, Marekani, uliochapishwa 2011: watu waliokuwa na leusini na wenzake wawili kwa wingi katika damu walielekea zaidi kupata kisukari miaka ya baadaye. Ni kweli. Ila wingi katika damu si sawa na wingi katika sahani. Mwili ulioanza kuwa sugu kwa insulini, homoni inayoiongoza sukari ya damu iingie kwenye seli, hushindwa kuziunguza asidi hizo vizuri, zikalundikana.

Kilichoniudhi zaidi ni dawa. Baba anameza metformini, dawa ya kisukari ambayo ikitumiwa miaka mingi huweza kupunguza ufyonzaji wa vitamini B12. Vitamini hiyo kiasili hupatikana kwenye vyakula vya wanyama, na ikipungua, homosisteini, nayo ni asidi amino, hupanda katika damu, na miguu huanza kufa ganzi. Huyu ndiye aliyekatazwa samaki na maziwa!

Tulimpeleka kwingine akapimwa kreatinini, taka ya damuni inayoonyesha figo zinavyochuja. Figo zikaonekana nzima. Sasa anakula dagaa mchana, yai na maziwa asubuhi, na makande yetu ya Kipare, ambamo maharage huleta lisini, mojawapo ya zile asidi amino 9, iliyo haba kwenye mahindi. Anainuka bila ukuta, japo mkono bado anauegemeza gotini.

Ombi langu kwa wahudumu wa kliniki za kisukari ni dogo: mnapomkatazia mzee protini, andikeni katazo hilo kwenye daftari lake, na pembeni yake muandike kipimo cha figo na tarehe yake.

Mwalimu wa baiolojia,
Same, Kilimanjaro