Barua ya wazi kwa binamu anayetaka filamu zetu ziongee Kiingereza

Binamu,

Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. (Unakumbuka barua zote tulizianza hivi shuleni, hata za kuomba nauli?) Dhumuni la kukuandikia ni ule ujumbe wa sauti ulionitumia siku yaliposomwa majina ya wanaowania Oscar. Huko Minnesota ilikuwa asubuhi, unasikika unakoroga kahawa. Huku Dar ilikuwa saa kumi na nusu jioni, nimebanwa kwenye daladala la Mbagala, simu nimeiinua juu ya kichwa cha abiria mwenzangu, nasubiri kipengele kimoja tu: filamu bora ya kimataifa. Zikasomwa tano. Afrika Mashariki patupu, kama kawaida yetu.

Ukasema tatizo ni Kiswahili. Tupige filamu kwa Kiingereza, dunia itatuelewa.

Binamu, kwenye kipengele hicho Kiingereza ndicho kinachokutoa mchezoni. Kanuni inataka zaidi ya nusu ya mazungumzo yawe ya lugha nyingine. Waulize Wanaijeria. Mwaka 2019 walipeleka filamu kwa mara yao ya kwanza, Lionheart ya Genevieve Nnaji. Ina dakika 94, Kiigbo kinasikika kama dakika 11 hivi. Novemba ikaenguliwa. Nilikuwa upande wao, na bado nipo: Nigeria Kiingereza ni lugha ya ofisini, na hawakukileta wenyewe. Tena mwaka huohuo kipengele kilikuwa kimebadilishwa jina, "lugha ya kigeni" ikafutwa ikaandikwa "kimataifa", kanuni ikabaki vilevile. Wamepaka rangi duka, bei haijashuka.

Lakini ubaya huohuo kwetu ni mteremko. Sisi mtu akigombana na mkwewe, akitongoza, akinunua dagaa, anaongea Kiswahili bila kulazimishwa na mwongozaji. Mnaijeria anakaa chini kupiga hesabu ya dakika; sisi tunawasha kamera tu.

Sasa twende kwenye Vuta N'Kuvute. Ndiyo, ileile riwaya ya Adam Shafi uliyoisoma kidato cha tano ukaniachia ikiwa haina jalada. Amil Shivji kaifanya filamu: Yasmin aliyemkimbia mume mzee aliyeozwa, Denge anayewindwa na Waingereza, Unguja ya miaka ya 50. Ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikabeba Tanit ya Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Carthage kule Tunisia. Kiswahili chake ni cha visiwani, hakijapunguzwa makali ili mgeni asipate tabu.

Niliiona ukumbi ukiwa nusu. Mbele yangu walikaa akina mama watatu wa Kizanzibari na pakiti moja ya bisi, na pembeni wazungu wawili. Kila likija neno la utani, wale mama walicheka kwanza. Wazungu walicheka baadaye kidogo, wakishamaliza kusoma maandishi ya chini. Kuna sehemu mama mmoja aliguna "mmh!" ya kwake, ile ndefu inayopanda halafu ikashuka, na mzungu akageuka kumtazama yeye badala ya kutazama picha. Nadhani alitaka kujua kimempita nini. Hapo nilijua hakuna aliyepotea, isipokuwa wengine walichelewa.

Filamu hiyo ndiyo Tanzania iliyoipeleka Oscar 2022. Haikuteuliwa. Umeishikilia hiyo kama ushahidi wako, lakini unajua kabla yake tulipeleka lini? Mwaka 2001, Maangamizi. Miaka 21 hapo katikati! Kila nchi inaruhusiwa kupeleka filamu moja kila mwaka, na mwaka 2022 zilikuwa zaidi ya 90 zinazogombea nafasi tano. Wenzetu wanacheza ligi kila msimu, sisi tunatokea mara moja kila kizazi, halafu tukifungwa tunalaumu jezi.

Na Kiswahili kimeshateuliwa, kama hukujua. Filamu fupi ya Watu Wote, ya wale abiria Waislamu wa Mandera, Kenya, waliowakinga Wakristo basi lao liliposhambuliwa 2015, iliwania Oscar 2018. Watu wanaongea Kiswahili na Kisomali humo. Ila mwongozaji ni Katja Benrath, Mjerumani, aliyekuwa mwanafunzi Hamburg. Sina kinyongo naye, kafanya kazi nzuri. Ninachoona ni aibu kidogo, kama jirani kuja kukupikia kwako, kwa chumvi yako, kisha wageni wakamsifu yeye.

Kwa hiyo mjadala wa lugha tuufunge. Kama unataka kulaumu, laumu ukosefu wa hela ya kuitangaza filamu kule Los Angeles, maana mpiga kura wa Oscar hawezi kuipigia filamu ambayo hajasikia hata jina lake. Laumu na mimi na wewe, tunaosubiri filamu ya nyumbani irushwe bure YouTube.

Shangazi anakusalimu, anauliza lini utakuja. Nijibu. Ila ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza tena: dakika tatu, Kiswahili humo ni "oya", "sasa" na "baadaye". Kwa kanuni za Oscar ungeenguliwa.

Ni mimi binamu yako,
Mbagala