Miongozo ya shahada za masafa isitupwe

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika safu hii akizishauri maktaba ziondoe rafuni miongozo yote ya shahada zinazosomwa kwa njia ya masafa, yaani vile vitabu vinavyoorodhesha vyuo vinavyofundisha watu wakiwa mbali, kwa kuwa siku hizi kila kitu kipo kwenye intaneti. Nakubaliana naye kwa nusu ya kitabu. Hiyo nusu nyingine ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Iliyokufa ni orodha. Fungua mwongozo wowote wa zamani, utakuta kila chuo kina aya yake: anwani ya posta, namba ya faksi, ada, siku unazotakiwa kufika chuoni, na chombo kilichokipa ithibati, yaani kilichothibitisha ubora wa elimu yake. Ada huwa imeshapanda kitabu kikiwa bado kiwandani, na hiyo faksi sijui nani anaipokea. Hata ithibati yenyewe haitulii. Baraza la ACICS la Marekani, lililokuwa likitoa ithibati kwa vyuo vingi vya kibiashara, lilivuliwa utambuzi na serikali mwaka 2016, likarudishiwa 2018, likavuliwa tena 2022. Kitabu gani kitaweza kukimbizana na mambo hayo? Anayetaka kujiunga na chuo muhula ujao asitegemee orodha ya kuchapishwa. Hapo mwenzangu kasema kweli tupu.

Tatizo ni kudhani kwamba mtandao umeziba pengo. Andika "shahada kwa masafa" kwenye injini ya kutafutia uone. Matokeo ya mwanzo ni matangazo yaliyolipiwa. Zinafuata tovuti zinazojiita miongozo, za "vyuo kumi bora", na nyingi hulipwa kamisheni na vyuo kwa kila jina la mwombaji zinalowapelekea. Ukitaka kujua ada unaombwa kwanza namba ya simu, na ukishaiandika tu, maafisa udahili hawakuachi upumue. Mwandishi wa kitabu, pamoja na makosa yake yote, alikuwa anakula kwa fedha ya msomaji.

Vyuo hewa navyo vinajua kutengeneza tovuti za kupendeza. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, iliyokuwa ikiendesha mamia ya tovuti za vyuo na shule zisizokuwepo. Kulikuwa na maprofesa walioigizwa na waigizaji wa kulipwa. Kulikuwa pia na vyombo vya ithibati vya kubuni, ili mteja mwenye shaka akienda kuhakiki aambiwe chuo ni safi. Aliyebofya kiungo alichopewa na chuo chenyewe alikuwa amemuuliza mwizi kama mali ni yake.

Ndiyo maana nazitetea sura za mwanzo, zile ambazo wengi huziruka kukimbilia orodha. Miongozo mizuri ilieleza kwa utulivu kwamba kusajiliwa kama kampuni, kupewa idhini ya kufundisha na kuwa na ithibati ni mambo matatu tofauti. Ilikufundisha usiishie kuuliza nani ametoa ithibati, uulize pia huyo naye anatambuliwa na nani. Ilikuonya kwamba shahada ya "uzoefu wa maisha" mtupu, bila mtihani wala kazi ya kuandika, ni karatasi ya kununua. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wasiohudhuria masomo mwaka 1858, Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, na leo watu wanasomea kwenye simu. Maswali hayo bado ni yaleyale.

Kuna na jambo ambalo mwenzangu hakuligusa kabisa: mwajiri. Vyuo hufa, na vikifa tovuti zake hufa navyo, lakini wahitimu wake wanaendelea kuomba kazi. Columbia Pacific University ya California, iliyotoa shahada kwa posta tangu 1978, ilifungwa kwa amri ya mahakama. Shahada zake za kabla ya Juni 25, 1997 zinatambulika kisheria katika jimbo hilo; za baada ya hapo hazitambuliki. Afisa utumishi mwenye cheti cha namna hiyo mezani anahitaji kujua chuo kilikuwa na hadhi gani mwaka ule mhitimu alipomaliza. Mwongozo wa mwaka uleule unaweza kumwonyesha pa kuanzia.

Kwa hiyo nawaomba wakutubi wayabandike matoleo ya zamani mwaka wake kwa tarakimu kubwa kwenye jalada na kuyahamishia sehemu ya marejeo, yasiazimwe. Kununua toleo jipya kila mwaka sioni haja. Na wachapishaji, kama bado wapo wanaofikiria kutoa mwongozo mwingine, waiache orodha nje na kuchapa zile sura za mwanzo peke yake. Kitakuwa kijitabu chembamba, na bei itashuka.

Msomaji wenu