Barua kwa Dada Kuhusu Tandiko la Marehemu Baba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Salamu nyingi zikufikie wewe, Shemeji, Mama na watoto wote. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, na baridi nimeizoea. Wabaadu.

Barua yako niliipokea jioni nikitoka karakanani, nikaanza kuisoma nikiwa nimesimama mlangoni, na nilipofika pale ulipoandika kwamba nitume fedha za kununulia tandiko jipya la farasi kwa kuwa lile la marehemu Baba limekwisha, ikanibidi niketi. Kisha nikaitazama picha. Tandiko limelazwa juu ya ukuta, juani, linachuruzika maji, na povu jeupe bado limenasa kwenye mishono. Hukuniambia ni nani aliyeliosha, lakini ndoo ile naijua na sabuni ile ya unga naijua, na najua ni nani mwenye desturi ya kusugua kila kitu kwa brashi ya sakafuni. Usiku ule sikulala vizuri.

Kaka ni mkubwa wangu na sitaki kumkosea adabu. Najua kwamba aliona ngozi imeota ukungu, akaona aibu kwa ajili ya kitu cha Baba, akatenda kwa nia njema. Hata hivyo, Dada, niruhusu niseme lililo moyoni. Huu ni mwaka wa tisa nashika matandiko kila siku ya kazi, ndiyo ridhiki yangu na ndiyo iliyolipa yale tunayoyajua sote, na hakuna hata mmoja nyumbani aliyefikiri kuniuliza kabla ya kulimwagia maji. Nimepelekewa habari pale tu ilipohitajika fedha. Hilo limeniuma kuliko ukungu wenyewe.

Fedha nimetuma kwa jina lako, lakini si za tandiko jipya. Ni za sabuni ya matandiko, ile ngumu yenye gliserini, mafuta ya kwato za ng'ombe, sponji mbili, na vitambaa vya pamba. Tandiko la Baba halijafa. Ngozi yake ni nene, imetengenezwa kwa magome ya miti kama ilivyokuwa ikifanywa zamani, na ngozi ya namna hiyo husamehe mengi ikipata mtu mwenye subira.

Ni vizuri Kaka aelewe kilichotokea ili lisirudiwe. Ngozi iliyotengenezwa ina uchachu kidogo ndani yake, na sabuni ya unga ni kali kwa upande wa pili, kama majivu. Ikiingia ndani hung'oa mafuta ambayo fundi aliyatia ili nyuzi za ngozi ziteleze zikipindwa. Halafu ikaanikwa juani ikiwa imelowa, maji yakatoka kwa kasi, nyuzi zikakauka zikiwa zimegandana, ndiyo maana unaniandikia kwamba mabawa, zile ngozi pana zinazoning'inia ubavuni, yamekuwa magumu kama ubao na kingo zake zimejikunja. Si uzee huo. Ni kiu.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, mliondoe juani na mliweke chumba chenye kivuli na upepo, mbali na moto. Sabuni iliyobaki ndani iondolewe kwa sponji iliyokamuliwa vizuri kwenye maji safi ya uvuguvugu, mkipangusa na kusuuza sponji, mkipangusa tena, mpaka povu liache kutoka. Sponji iwe na unyevu tu, isidondoshe maji. Mabawa yakianza kulainika kwa ule unyevu, yanyoosheni kwa viganja na kuyalaza juu ya meza mkiyawekea uzito mwepesi, huku mwili wa tandiko ukiegemezwa ili usipinduke.

Wakati yanapumzika, naomba wewe mwenyewe, si mtoto, ukikague kiunzi cha ndani, kwa sababu kikiwa kimevunjika kazi yote inayofuata ni ya bure. Egemeza nundu ya mbele kwenye paja lako, shika ukingo wa nyuma kwa mikono miwili, uvute kuelekea kwako. Kiunzi kizima hukataa, au hunesa kidogo sana na kurudi. Kikilalia katikati, au ukisikia mlio kama wa kijiti kikavu, basi tandiko lile lisikae tena juu ya mgongo wa farasi yeyote, maana litamwumiza mnyama na kumwangusha mpandaji. Halafu pinda kila mkanda pale penye matundu na pale unapozunguka bizimu. Ukiona nyufa kama za tope lililokauka, mkanda huo umekwisha kazi yake. Hakuna mafuta yanayofunga ufa wa ngozi. Yanachoweza ni kuuchelewesha usiendelee, na yeyote atakayewaambia vinginevyo anawauzia chupa.

Kuhusu ukungu, litoe tandiko nje mbali na hatamu na vifaa vingine, funga kitambaa puani, uupanguse kwa kitambaa kikavu ambacho utakitupa, kisha upitishe kingine chenye siki na maji nusu kwa nusu, kimekamuliwa barabara. Lisipopata hewa ukungu utarudi, kwa kuwa mbegu zake zipo kila mahali na hungoja unyevu tu. Sasa naelewa kilichotokea stoo: mlilifunika kwa nailoni. Ngozi hutoa na kupokea unyevu wa hewa, na chini ya nailoni ule unyevu hauna pa kwenda. Shuka kuukuu la pamba lingetosha.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, ambayo nikiiandika naona kama mikono inanivuta. Lowesha sponji, ikamue, ipitishe juu ya sabuni ile ngumu mara mbili tatu, kisha sugua kwa miduara midogo sehemu isiyozidi kiganja, ufute kwa kitambaa kabla hujahamia nyingine. Povu likiwa jingi ujue umezidisha maji. Anzia chini, upande unaogusa farasi, kwa maana huko ndiko kuliko na chumvi ya jasho na manyoya, na huko ndiko watu wanakoruka. Utaona maji ya kahawia, usiogope. Utakutana na vidonge vyeusi, vigumu, vinavyong'aa kama lami, hasa chini ya mabawa pale mguu unapokaa: ni mafuta, jasho na vumbi la miaka vilivyogandamana. Usivikwangue kwa kisu. Kata singa chache za mkia wa yule farasi jike wa kijivu, zifunge fundo dogo, lipake sabuni kidogo, uzungushe juu ya kidonge polepole. Singa hung'oa uchafu bila kuacha mkwaruzo. Siku ya kwanza nilipofundishwa hili nilicheka kwa furaha, kwamba dawa ya tandiko ilikuwa ikining'inia nyuma ya farasi siku zote.

Kwenye mabizimu ya shaba mtaona kitu cha kijani kama nta laini. Mafuta ya ngozi yameila shaba, ikatoka hiyo. Itoeni kwa kijiti cha mti na mswaki mkavu, na dawa ya kung'arishia chuma isiguse ngozi.

Mafuta ndiyo mahali ambapo watu wenye mapenzi mengi huharibu zaidi, na kwa hiyo nakusihi unisome vizuri hapa. Ngojeni ngozi ikaribie kukauka: weka mgongo wa mkono wako juu yake, ikiwa bado na ubaridi kidogo lakini haiachi unyevu, ndiyo saa yake. Yapasheni mafuta joto kwa kuiweka chupa kwenye maji ya moto, myapake kwa kitambaa, tabaka jembamba, zaidi upande wa ndani usiong'arishwa, kwa sababu huko ndiko ngozi hunywa. Kisha muache mpaka kesho. Kesho pindeni mabawa kidogo kwa mikono, kama mnayaamsha, mpake tena tabaka jembamba. Labda siku ya tatu tena. Yakizidi, ngozi hulegea kama kitambaa, nyuzi za mshono huoza, na sufu iliyomo kwenye mito ya chini hugandana mabonge yanayomchoma farasi mgongoni. Rangi itakuwa nyeusi zaidi kuliko mliyoizoea, nawaambia mapema ili msije mkanipigia simu kwa hofu. Jaribuni kwanza mahali palipofichika chini ya bawa. Mafuta ya kupikia hapana, huchacha. Mafuta ya gari hapana. Na ile rangi ya viatu ambayo Kaka amekwisha kuinunua, naomba airudishe: itaziba uso wa ngozi kabla haijanywa, na itahamia kwenye nguo za kila atakayeketi juu yake.

Jambo moja lingenitia huzuni kweli. Ukipitisha kitambaa cheupe kikavu na kikatoka na unga mwekundu kama wa tofali, acha kila kitu, usitie maji wala mafuta, uniandikie. Huo ni uozo ambao haurudi nyuma. Katika picha sikuuona, na nimeitazama mara nyingi.

Niwape na habari yangu, kwa kuwa Mama huuliza kama huku ninathaminiwa. Mwaka jana lililetwa karakanani tandiko lililotolewa chini ya majani makavu ya zizi, lina ukungu wa kijani kote, bawa la kulia limejikunja kama jani la tumbaku, na mkuu wetu aliligeuza mara moja akasema tutoe mabizimu na linalobaki litupwe. Niliomba nipewe. Nilifanya kazi hii yote niliyokuandikia, jioni baada ya saa za kazi, kwa majuma matatu, nikabadilisha mikanda yote ya kufungia na kushona upya kwa mkono, uzi mmoja sindano mbili, ule mshono ambao uzi ukikatika kwenye tundu moja mengine hubaki yameshika. Nilipolirudisha mezani mkuu alipitisha kidole gumba kwenye mshono wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila neno. Asubuhi yake nikakuta vyombo vyangu vimehamishiwa meza ya mbele, karibu na dirisha, ambako huketi mafundi watatu tu. Tandiko lile leo liko kazini. Mwambieni Mama hivyo.

Na usiku ule ule wa meza ya mbele ndipo nilipomkumbuka Baba mno, kwa sababu sikuwa na wa kumwonyesha.

Katika picha yako, chini ya lile povu, mkanda wa kikuku cha kushoto, pale mpandaji anapotia mguu, unaonekana mrefu kuliko wa kulia, kiasi cha matundu mawili. Watu watafikiri ni kasoro. Ni Baba, Dada. Ni kule kupanda kwake kila alfajiri kwa mguu wa kushoto, uzito wake wote ukining'inia upande mmoja kwa sekunde moja, miaka yote ile, ngozi ikavutika. Fundi hubadilisha mikanda hiyo, wa kushoto ukaenda kulia, ili ivutike sawasawa, na ndivyo nawashauri mfanye kama farasi atapandwa. Lakini pigeni alama ujulikane ni upi.

Kuhusu yule uliyeniandikia kwamba anataka kulinunua alitundike ukutani kwake, sina ugomvi juu ya urithi. Kaka ni kifungua mimba na akisema tandiko ni lake nitamwitikia kuwa ni lake, mbele ya Baba Mdogo na mbele ya yeyote. Ninachoomba ni lisitoke nyumbani kabla sijafika. Kama shida ni fedha, aniambie mimi kiasi, wala asiniambie kupitia kwako, kwa kuwa inakuchosha wewe kubeba maneno ya wanaume wawili wazima. Nitampigia simu Jumapili, nitamwamkia, na sitaanza kwa habari ya sabuni.

Wewe nitumie picha tatu mchana, kwenye kivuli: ya chini yote, ya mikanda ya kufungia ikiwa imepindwa, na ya bawa la kushoto kwa karibu. Mikanda mibovu msiipeleke kwa mshona viatu, ifungueni tu na kuihifadhi, nitaichukulia vipimo nitakapokuja na shazia zangu na uzi wa kitani uliopakwa nta.

Na kwenye lile bawa la kushoto, karibu na ukingo, pana kipande Mama alichokishona kwa uzi mweusi mwaka ule Baba alipokuwa kitandani. Nimeihesabu mishono kwenye picha, ni kumi na mmoja, na wa saba umekwenda upande. Anaweza kuona aibu akisikia kwamba mwanawe sasa ni fundi. Mwambie kwamba ule sitaufumua.

Ni mimi mdogo wako akupendaye.