Mume wangu ananijibia hata ambayo sijayasema

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu zangu. Nimeolewa na mtu mwenye huruma ya kweli, na nalisema hilo mapema usije ukamdhania vibaya. Nikiumwa, hata chakula hakimpiti. Nikilia, machozi yanamtoka kabla hajajua kisa. Shida ni kwamba ana uhakika anajua ninachowaza, na mara nyingi sicho.

Baba yangu alipofariki, rafiki yangu wa tangu utotoni alikuja kunipa pole. Mume wangu alimpokea mlangoni, akamwambia kwa upole kabisa kwamba sitaki kuonana na mtu. Mimi nilikuwa chumbani namngoja huyo huyo! Nilipotoka, alikuwa ameshaondoka. Mume wangu alishangaa nilipomuuliza: “Si nilikuona ulivyonyamaza? Ningekuwa mimi, nisingetaka mtu.” Usiku ule tulilia pamoja mpaka akapitiwa na usingizi. Hakuwa anaigiza, aliumia kweli. Ila naona aliubembeleza msiba kama ambavyo angetaka abembelezwe yeye.

Ya kila siku ni madogo, lakini ndiyo yanayonichosha. Nikikaa kimya nafikiria kazi, anasema, “Najua bado umenikasirikia.” Nikikana, sauti yangu ndiyo ushahidi. Nikikana tena, hasira inanipanda kweli, naye anatikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa neno. Siku nyingine nakubali tu yaishe, ingawa najua kila nikikubali namwongezea uhakika.

Nimejaribu kusoma ili nielewe. Wanasaikolojia hutofautisha kuguswa na hisia za mtu na kutambua anachowaza. Mmoja anaweza kuwa na la kwanza tele na la pili akalikosa. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner waliwasimulia watoto habari za mvulana aitwaye Maxi, ambaye chokoleti yake ilihamishwa akiwa hayupo, kisha wakawauliza ataitafuta wapi. Watoto wadogo sana husema ataitafuta pale ilipo sasa, kwa kuwa wao wanapajua. Mume wangu si mtoto, anajua fika kwamba nina mawazo yangu. Lakini palipo na pengo, hulijaza kwa ya kwake.

Kilichonigusa zaidi ni utafiti wa mwaka 2018 wa Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley, wenye majaribio 25. Watu walioambiwa wajiweke katika nafasi ya mwingine hawakukisia vizuri zaidi kuliko wengine, hata pale walipokisia mambo anayoyapenda mume au mke wao. Kilichosaidia ni kuzungumza na mhusika mwenyewe. Nilimsomea mume wangu. Akanijibu kwamba hao hawaijui ndoa yetu.

Mama yangu ananiambia nivumilie, wanaume wanaojali ni wachache. Simpingi, ila kuvumilia kumenifanya nianze kumficha mambo, na hilo linanitisha kuliko makosa yake. Nikipata habari njema nawaza kwanza atazitafsirije, ndipo niamue kama nitamwambia.

Kuna jambo moja linalonizuia kumkabili. Alikulia katika nyumba ambayo hakuna aliyesema la moyoni mwake. Kabla hajaketi ilimbidi amtazame mama yake usoni ajue siku itakuwaje, na mara nyingi alipatia. Kusoma nyuso ndiko kulikomlinda, na mpaka leo anakuona kama zawadi anayonipa. Naogopa nikimwambia kwamba ananisoma vibaya, atasikia kwamba hata upendo wake siuhitaji. Nami nauhitaji sana. Ninachotaka ni aniulize, halafu aamini jibu langu hata kama silo alilolitarajia.

Naomba unisaidie. Nianze na lile la msibani, ambalo bado linaniuma, au nianze na jambo dogo la siku hiyo hiyo? Nimwambie tukiwa wawili, au tumtafute mtaalamu wa ushauri wa ndoa akae nasi? Na akinikatiza kwa kusema, “Najua unachotaka kusema,” nimjibu nini?

Wako,
Msomaji anayependwa ila haulizwi