Kabla hujapanda basi la Morogoro

Kibaigwa, 2 Juni

Mbukwa, mwanangu.

Mama yako amenisomea ujumbe wako kwamba kozi ya Morogoro imepita na utakaa huko miezi minne. Tumefurahi. Yeye ameshaanza kuchagua kuku wa safari. Mimi kilichonikaa kichwani ni pikipiki. Umesema utaiegesha stoo ya ofisi, utaifunika turubai, basi. Hilo "basi" ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Betri ya pikipiki inayopanda milima ya Kibakwe kila siku hudumu kuliko ile iliyofunikwa turubai. Ndani yake kuna mabamba ya risasi yamezama kwenye asidi, na chaji hupungua pole pole hata usipoigusa. Joto likizidi hupungua haraka, na stoo yenu najua imeezekwa bati tupu. Halafu kuna king'ora ulichofungisha kwa kuogopa wezi: hicho hunywa umeme usiku na mchana. Chaji ikishuka, mabamba huota chumvi nyeupe ya salfeti. Ukichaji mapema inayeyuka. Ukiiacha wiki nyingi inaganda, na hapo chaja yoyote utakayoleta unajisumbua.

Hili nililipia. Mwaka ule niliovunjika mguu, wewe ukiwa kidato cha pili, pikipiki ilikaa kwa baba yako mkubwa Mvumi tangu masika hadi mavuno yakaisha. Nilipoifuata nikabonyeza selfu, kimya. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, simtaji, akafungua vifuniko, akaona maji yameshuka, akamimina asidi. Ilichangamka siku mbili, ikafa kabisa. Baadaye sana nikaelewa: kinachokauka ni maji, asidi yenyewe hubaki humo. Ukiongeza asidi unaifanya kali zaidi, inakula mabamba. Na mimi nilimlipa yule bwana, nikamshukuru juu yake.

Kwa hiyo kama yako ni betri ya maji, ongeza maji yaliyosafishwa ya chupa, yale ya betri, yasivuke mstari wa juu. Usichote kisimani, unajua maji ya huku kwetu yalivyo na chumvi, sufuria za mama yako ni ushahidi. Kama ni ile kavu iliyofungwa, usiibandue kifuniko hata mtu akikuambia nini.

Betri itoe mwenyewe kwenye pikipiki, usimwachie mlinzi. Anza na waya wa hasi. Ukianza na chanya, spana ikagusa fremu, utaona cheche ambayo hutaisahau. Siku ya kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Ukikuta ungaunga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, koroga magadi soda na maji ya vuguvugu, sugua kwa mswaki wa zamani, yasiingie ndani ya betri, kisha kausha na upake mafuta ya mgando kidogo.

Iache ilale usiku mmoja, ndipo uipime kwa mita. Volti 12.6 hadi 12.8 imejaa. Ikifika 12.4 inaomba chaji. Chini ya 12 imeshaanza kuumia. Usiipeleke kwa wale wanaochaji betri za malori, watakuchemshia. Yako ni ya ampea-saa 7 (7Ah), kwa hiyo chaja ya ampea 0.7 inatosha, yaani sehemu moja ya kumi, ikae saa zake bila pupa. Iwe mahali penye hewa, na asisogee mtu na sigara wala koroboi, maana ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na hiyo hulipuka.

Babu yako alikuwa haweki betri sakafuni, eti saruji inanyonya umeme. Kwa makasha ya zamani huenda alikuwa na hoja. Haya ya plastiki ya leo hayajali. Mimi bado naweka juu ya ubao. Ni kwa heshima yake tu.

Sasa, basi lako litapita hapa Kibaigwa. Itoe betri kwenye pikipiki jioni kabla ya safari, iweke wima ndani ya ndoo, ziba vichwa vyake kwa kipande cha mpira wa tairi, na usiiweke karibu na nguo. Suruali yangu ya harusi ya shangazi yako iliishia hivyo, kwa asidi. Nitakuwa stendi. Mimi nitaipima kila mwezi na kuichaji ikishuka. Kile kipaneli cha sola nacho kina kidhibiti chake cha chaji, umeme ukikatika kitanisaidia. Mwambie kondakta asikuharakishe, kuku nao watakuwa tayari.

Baba yako