Mbao za Ituri na wanaobaki msituni

Mhariri,

Msitu wa Kongo ukitajwa magazetini, mazungumzo huishia kwenye hewa ya ukaa na mnyama okapi. Sina ugomvi na hayo. Naomba tu nafasi kidogo nizungumzie Wambuti na Waefe, wawindaji wa msitu wa Ituri kaskazini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na majirani zao Wabila na Wabudu ambao ni wakulima, kwa kuwa hao ndio wanaoanza kukosa chakula, tena muda mrefu kabla msitu wenyewe haujaonekana kuisha.

Chukua mti wa sapeli, ambao mbao zake huuzwa huku Nairobi kwa jina la jumla la mahogani. Majani yake huliwa na viwavi ambao watu wa msituni huwaokota msimu wao ukifika, wakawapika au kuwakausha na wanaobaki wakawauza sokoni. Mpasuaji mbao mwenye msumeno wa injini hana haja ya kufyeka msitu mzima: anachagua miti mikubwa iliyokomaa, ambayo ndiyo inayobeba viwavi wengi, anaiangusha na kuondoka, na kwa vile mti huo huchukua miaka mingi mno kufikia unene ule, mama aliyezoea kujaza kapu lake chini yake hatauona mwingine wa kuufidia. Picha ya setilaiti itaendelea kuonyesha kijani.

Uwindaji nao ni hivyo hivyo. Wambuti wengi huwinda kwa nyavu za nyuzi za magome: wanaume huziunganisha ziwe nusu duara, kisha wanawake na watoto hupita upande wa pili wakipiga kelele na kucharaza vichaka ili paa na funo wakimbilie wavuni. Kazi hiyo inataka familia nyingi na eneo pana lenye utulivu. Njia ya magogo ikishapasuliwa, au kambi ya wachimba dhahabu ikishasimama mtoni, bunduki na mitego ya waya hufuata, maji yanaingia tope na zebaki, wanyama wanahama, na familia zilizokuwa zikiwinda pamoja zinatawanyika kutafuta vibarua katika mashamba ya wengine. Wanaofyeka mashamba hayo, ya kakao hasa, wengi wao si matajiri. Wapo waliokimbia vita au uhaba wa ardhi Kivu Kaskazini, na kuwalaumu peke yao ni kukwepa suala.

Sheria hazikosekani. Hifadhi ya Okapi huko Ituri, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 13,700, ilianzishwa mwaka 1992, ikawa Urithi wa Dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikaingizwa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Amri ya serikali ya Kongo ya mwaka 2014 inaruhusu jamii kukabidhiwa msitu wa hadi hekta 50,000. Mwaka 2022 ikaja sheria ya kulinda haki za Wambuti na wenzao, inayotambua ardhi wanayoitumia na kutaka ridhaa yao ya hiari itangulie mradi wowote. Hata hivyo dhahabu imeendelea kuchimbwa ndani ya hifadhi yenyewe, na mtu anayehama kambi kufuata asali na windo anatakiwa athibitishe mipaka yake kwa ramani na makaratasi katika ofisi asizofika.

Nasi tunaokaa mbali tumo katika jambo hili. Mbao za mashariki ya Kongo huvuka Kasindi na Mpondwe kuingia Uganda, na nyingine hufika Kenya. Kenya iliposimamisha ukataji katika misitu yake ya umma mwezi Februari 2018, tulipiga makofi. Ni wachache waliouliza mbao za kuziba pengo zingetoka msitu wa nani.

Ombi langu kwa gazeti lako ni kwamba mwandishi wenu afuate shehena moja tu ya mahogani kuanzia yadi ya Nairobi, arudi nayo nyuma hadi mpakani na hatimaye hadi kwenye kisiki, akiuliza kila kituo ni nani aliyetoa kibali na kama waliokuwa wakiishi hapo waliulizwa.

Ndimi msomaji wenu,
Mzaliwa wa Mambasa,
Nairobi